Jinsi ya Kumpeleka Mtoto Mdogo Kwenye Shamba la Maboga Wakati wa Vuli ya Marekani

Kila mwaka, Septemba inapoelekea ukingoni, mashamba ya maboga katika jimbo la Illinois huanza kupokea familia zinazokuja kuchuma maboga, kupanda tela la trekta na kuzunguka katikati ya mahindi yaliyokauka. Kwa wengi wetu tuliokulia Tanzania, Kenya au Kongo, kulipa kiingilio ili kuingia shambani ni jambo geni, kwa sababu shamba tunalolijua ni mahali pa jembe na jasho. Nami nilikuwa na mawazo hayo hadi siku binti yangu, aliyekuwa na miaka mitatu, alipomuuliza bibi yake wa Korogwe kwenye simu: "Bibi, shamba ni nini?" Bibi alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpeleke mtoto akaone kwa macho yake. Tangu hapo tumekwenda kila vuli, na haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto wa umri wa miaka miwili hadi sita. Ushauri wangu mkuu ni huu: ipange siku nzima kwa ajili ya boga moja, ambalo mtoto atalitafuta, atalichagua na kulileta nyumbani kwa mikono yake. Mengine yote yanayouzwa langoni ni nyongeza.

Uchaguzi wa siku na saa

Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, lakini huku jina hilo tunalitumia kwa majira ya majani kupukutika, ambapo asubuhi inaweza kuwa na nyuzi 5 za Selsiasi na mchana ukapanda hadi 18 au zaidi. Wakati mzuri kwa mtoto mdogo ni kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba hadi wiki ya pili ya Oktoba. Wakati huo maboga yamekwisha kuiva na ni mengi, jua bado lina joto, na mashina mengine bado yana majani ya kijani na maua machache ambayo mtoto anaweza kuonyeshwa. Jalidi, ule umande unaoganda usiku wa baridi, ikishaanguka, shamba zima hugeuka kuwa mashina meusi yaliyolala chini, na kilichobaki cha kuona ni maboga peke yake.

Epuka Jumamosi mbili za mwisho za Oktoba kadiri uwezavyo. Mwaka wetu wa kwanza tulifika saa saba mchana katika Jumamosi ya namna hiyo, tukasimama kwenye foleni ya magari, kisha foleni ya tiketi, kisha foleni ya tela, na zamu yetu ilipofika mtoto alikuwa amelala begani kwangu na hakuliona shamba hata kidogo. Nenda siku ya kazi ikiwezekana, au Jumamosi mara tu malango yanapofunguliwa, ambapo kwa kawaida huwa ni saa tatu au saa nne asubuhi. Mtoto mdogo huwa na nguvu nyingi asubuhi, na muda wa saa mbili na nusu shambani unamtosha kabisa. Panga kuondoka kabla ya usingizi wake wa mchana, si baada ya machozi kuanza.

Kabla ya kuondoka nyumbani, soma tovuti ya shamba unalolitaka, kwa kuwa taratibu hutofautiana sana. Mashamba mengine huuza tiketi za siku na saa maalumu kwa njia ya intaneti, mengine hayatozi kiingilio bali hulipisha kila mchezo peke yake, na yapo yanayopokea fedha taslimu tu kwenye vibanda vya shambani. Ikiwa mtapanda gari la rafiki au la mtu wa kanisani au msikitini, kumbuka kubeba kiti cha mtoto, kwa sababu sheria ya Illinois inataka kila mtoto aliye chini ya miaka 8 afungwe katika kiti kinachomfaa, hata kama safari ni fupi.

Kuhusu Halloween

Najua wazazi wengi, Waislamu kwa Wakristo, wanaosita kwenda kwenye mashamba haya kwa sababu ya Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba yenye vinyago na mambo ya mizimu. Hofu hiyo ninaiheshimu. Hata hivyo, shamba la maboga kwa asili yake ni shughuli ya mavuno, na yapo mashamba mengi ambayo mchana hayana lolote la kutisha. Piga simu uulize mambo mawili: kama kuna sehemu ya kutisha, na kama sehemu hiyo hufunguliwa usiku tu. Ukienda mwanzoni mwa Oktoba, asubuhi, utakuta maboga, mbuzi, mahindi na familia zenye watoto wadogo. Swali hilo lina faida hata kwa mzazi asiye na shida na sikukuu hiyo, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu akikutana na mifupa ya bandia inayotikisika hatasahau upesi.

Mavazi na mizigo

Mvike mtoto nguo za tabaka: fulana, sweta, kisha jaketi linaloweza kuvuliwa jua likipanda. Mabuti ya mpira ni lazima, kwani umande wa asubuhi hufanya udongo wa Illinois, ambao ni mweusi na mzito, kunata miguuni kama ugali usioiva. Beba soksi za akiba, suruali ya akiba, nepi kama bado anavaa, maji ya kunywa na chakula kidogo anachokipenda. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo hakifai kabisa, kwa kuwa hukwama kwenye tope na kati ya mashina. Acha kigari kwenye gari na utumie mbeleko, au uombe toroli ambalo mashamba mengi huwapa wageni kwa ajili ya kubebea maboga. Watoto hulipenda toroli kuliko kigari chochote.

Chagua jaketi la rangi ya kung'aa, lakini lisiwe la rangi ya chungwa, kwa sababu katika shamba la maboga mtoto mwenye jaketi la chungwa hupotea machoni mara moja. Mpige picha asubuhi mkifika ili uwe na kumbukumbu ya alivyovaa, na uandike namba yako ya simu kwa kalamu kwenye kifundo cha mkono wake. Mfundishe kanuni moja tu: asipokuona, asimame hapo hapo alipo na aite kwa sauti. Kanuni hiyo ni ya muhimu zaidi ndani ya mzingile wa mahindi, zile njia za kupotezana zilizokatwa shambani, ambapo mabua ni marefu kuliko mtu mzima. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minne mimi huuruka mzingile mkubwa na kutafuta ule mdogo uliotengenezwa kwa marobota ya majani makavu, ambao mzazi anaweza kuuona wote akiwa amesimama nje.

Anzeni na boga

Watu wengi huanza na michezo na kuliacha boga liwe la mwisho, jambo ambalo kwa mtoto mdogo huharibu mpangilio, maana akifika shambani tayari amechoka. Nenda kwanza shambani, chagueni boga, lipelekeni kwenye gari, kisha mrudi kwa wanyama na vyakula. Ikiwa mnapanda tela, subiri lisimame kabisa, mkae juu ya robota mbali na ukingo, na umshike mtoto katikati ya magoti yako hadi trekta lisimame tena.

Mkifika, msimwambie achague upesi. Chuchumaa naye na umwonyeshe mmea wenyewe: shina linalotambaa, majani makubwa yenye vinyweleo vinavyokwaruza, na maua ya manjano ikiwa bado yapo. Maua ya kiume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, ilhali ua la kike lina boga dogo sana chini yake kabla hata halijafunguka, na ni lazima nyuki abebe chavua kutoka ua moja hadi jingine ili boga hilo likue. Binti yangu alipoona kiboga cha ukubwa wa zabibu chini ya ua, alikigusa kwa ncha ya kidole na kukisalimia, "Hujambo, mtoto wa boga." Ua lile lilichelewa; jalidi ingelifikia kabla halijakua, na nilimweleza hivyo.

Wakati wa kuchagua, mpe mtoto mpaka mmoja unaoeleweka: boga lake ni lile analoweza kulikumbatia na kulinyanyua. Maboga ya kuchonga ya ukubwa wa kati huwa na uzito wa ratili 10 hadi 20, yaani takriban kilo 4.5 hadi 9, na mtoto hawezi kuyabeba, lakini karibu kila shamba huwa na maboga madogo, mengine ya ukubwa wa kiganja. Mpaka huo unalinda pia mfuko wako, kwa kuwa mashamba mengi huuza kwa uzito.

Yeye achague kwa macho, wewe kagua kwa mikono. Bonyeza ganda kwa ukucha: boga lililokomaa haliachi alama. Lizungushe polepole ukitafuta sehemu laini, tundu au ukungu, na utazame zaidi upande uliolalia ardhi. Doa la manjano lililo gumu upande huo halina ubaya, kwa sababu ni mahali ambapo jua halikufika. Doa linalobonyea ndilo la kukataa. Kisha tazama kikonyo, ambacho kinapaswa kuwa kigumu na kushikamana vizuri. Kamwe usilinyanyue boga kwa kikonyo, wala usimruhusu mtoto kufanya hivyo, ingawa kinaonekana kama mpini uliowekwa makusudi. Kikivunjika, kinaacha kidonda ambacho uozo huingilia. Boga letu la mwaka wa kwanza lilivunjika kikonyo nikilitia kwenye gari, nikaliweka karibu na kipasha joto cha sebuleni, na kabla ya wiki kuisha lilikuwa limeanza kuvuja juu ya zulia. Mtoto alilia kwa sababu lilikuwa na jina. Ikiwa shamba linaruhusu kukata wenyewe, mwachie mtu mzima mkasi, vaa glavu kwa sababu vikonyo vina miiba midogo, na uache kikonyo chenye urefu wa sentimita 8 hadi 10.

Huu ndio wakati wa kumpigia bibi simu ya video. Saa nne asubuhi ya Illinois ni saa kumi na mbili jioni Tanzania na Kenya, kabla ya giza kuingia, na bibi anaweza kumwonyesha mjukuu maboga yake wakati mjukuu anamwonyesha ya kwake. Zungumza Kiswahili shambani kote. Boga, kikonyo, ganda, mbegu, bua, robota, jembe: maneno haya mtoto hayapati kwenye katuni wala darasani, na neno lililoingia pamoja na kitu alichokishika mkononi hukaa.

Boga lipi la kuchonga na lipi la sufuria

Illinois ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kilimo cha maboga, na mji wa Morton, karibu na Peoria, hujiita makao makuu ya maboga duniani kwa sababu ya kiwanda chake cha kusindika maboga ya kopo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba boga la kopo si lile la rangi ya chungwa. Ni la aina inayoitwa Dickinson, lenye umbo refu na ganda la rangi ya kaki, ambalo kwa sura linakaribiana zaidi na maboga tunayoyajua kutoka kwetu.

Boga kubwa la kuchonga limezalishwa kwa ajili ya sura. Linalika, lakini nyama yake ni nyembamba, ina nyuzi nyingi na maji, na ukilipika kwa nazi utapata mchuzi badala ya futari. Kwa futari tafuta kwenye kibanda cha shamba maboga ya kabocha au buttercup, yenye ganda la kijani kibichi na nyama kavu tamu, au maboga madogo ya pai. Lichemshe kwa chumvi kidogo pamoja na ganda lake, kisha utie tui zito na iliki, na sukari ukipenda. Kabocha lilikuwa boga la kwanza huku lililonifanya nile kimya.

Kuna onyo moja ambalo mashamba hulisema kwa sauti ndogo mno: vibuyu vya mapambo, vile vidogo vyenye vinundu na mistari vinavyouzwa kapuni pamoja na maboga, si vya kula. Vinaweza kuwa na kemikali chungu inayoumiza tumbo vibaya. Boga lolote lenye uchungu ulimini liteme na ulitupe, hata kama lilinunuliwa kama chakula.

Wazazi wengi wa kwetu, wakiona majani ya maboga yametanda ekari nzima bila mtu kuyajali, huanza kuyakadiria kwa mafungu. Nawaelewa. Usiyachume bila ruhusa, na hata ukiruhusiwa, uliza kwanza kama shamba limepuliziwa viuatilifu. Mnamo Oktoba majani yamezeeka na mara nyingi yamefunikwa na ubwiri unga, ule unga mweupe wa ukungu, hivyo hayafai kwa mboga. Mwenye hamu ya majani mateke amwombe mkulima mwezi wa Julai.

Wanyama, mikono na chakula

Karibu kila shamba lina banda la mbuzi, kondoo na kuku, na mtoto atataka kukaa hapo kuliko mahali pengine popote. Mwache akae, lakini hapa ndipo ninapoomba umakini zaidi kuliko mahali pengine pote katika safari hii. Wanyama wanaoonekana wazima kabisa wanaweza kubeba bakteria wa E. koli, na baadhi ya aina zake huweza kumletea mtoto kuhara damu na hata kuharibu figo. Walio chini ya miaka mitano ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Usiingie bandani na chupa, nyonyo, chakula au mwanasesere. Mkitoka, oshaneni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama mtoto hakumgusa mnyama yeyote, kwa sababu amegusa uzio. Kitakasa mikono ni cha dharura tu na hakichukui nafasi ya sabuni. Ikiwa shamba halina bomba, beba galoni ya maji na kipande cha sabuni kwenye gari. Mimi hubeba kila mara.

Baada ya hapo ndipo mle. Maandazi ya duara yanayokandwa kwa sharubati ya tufaha na kukaangwa kwa mafuta huuzwa yakiwa ya moto, na harufu yake humfikia mtu kutoka mbali. Anayekula halali aulize kama mafuta ya kukaangia ni ya mimea, na ajue kwamba peremende laini nyeupe zinazochomwa motoni hutengenezwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Sharubati ya tufaha inunuliwe ile iliyochemshwa kuua vijidudu. Ile mbichi isipewe mtoto mdogo.

Nyumbani

Liweke boga mahali penye ubaridi na ukavu, juu ya gazeti, mbali na kipasha joto. Boga zima lisilo na jeraha hukaa wiki nyingi, lakini likichongwa hudumu siku chache tu, kwa hiyo kama mnataka kulichonga, msianze mapema. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita mimi napendelea aliache boga lake likiwa zima na alichore kwa kalamu za rangi. Kama lipo jingine la kuchonga, kisu kiwe cha mzazi na kazi ya mtoto iwe kutoa mbegu kwa mikono, kazi anayoifurahia kwa sababu utumbo wa boga ni wa baridi na unateleza. Ndani wekeni taa ndogo ya betri badala ya mshumaa. Boga lililopakwa rangi au lililochongwa na kuachwa nje lisiliwe. Likianza kubonyea litolewe siku hiyo hiyo kabla halijavuja, na lipelekwe kwenye mboji.

Mbegu zioshwe, zikaushwe kwa kitambaa, zitiwe chumvi na mafuta kidogo, kisha zikaangwe kwenye jiko la oveni kwa nyuzi 150 za Selsiasi kwa muda wa dakika 30 hadi 40, ukizigeuza mara mbili. Acha kumi au kumi na tano zikauke bila chumvi kwenye sahani kwa wiki mbili, kisha uzihifadhi katika bahasha yenye jina la mtoto na mwaka. Mwisho wa Mei, baridi ya usiku ikishakwisha na udongo ukishapata joto, zipandeni pamoja kwenye kona ya bustani au katika ndoo kubwa yenye matundu chini, mbegu mbili kwa shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3. Boga litakalozaliwa huenda lisifanane na mama yake, kwa kuwa aina nyingi za mashambani ni chotara na nyuki huchanganya chavua, hivyo onja kipande kidogo kabla ya kulipika. Kufikia katikati ya Julai mtakuwa na majani mateke ya kwenu wenyewe. Menya nyuzi za vikonyo vyake, yakate, na uyapike kwa tui na karanga.